Uchafu wa Prosesa Nane

Nianze na barua, maana hasira zangu zilianzia hapo. Niliikuta juu ya meza ya kulia imefunguliwa, na mume wangu ameketi mbele yake, bado kavaa sare ya kazi. Mume wangu ni dereva wa ambulensi. Barua ilisema amesimamishwa wiki mbili akisubiri kamati, kwa kosa la kutotoa taarifa kwa redio akiwa na mgonjwa mahututi. Mama mjamzito alikuwa anavuja damu, gari limefika hospitali, chumba cha upasuaji hakina mtu kwa sababu hakuna aliyeambiwa. Dakika ishirini na tano zikaishia kumtafuta daktari. Mama alipona. Mtoto hakupona.

"Niliita mara tatu," mume wangu akasema.

Na mimi, mke wake wa miaka kumi na saba, nikamjibu nini? Nikamwambia mtambo wa redio wa hospitali haukurekodi sauti yake hata mara moja ndani ya ile kilomita ya mwisho, na mtambo hauna sababu ya kumsingizia mtu. Nikamwambia labda alichanganyikiwa, labda kidole hakikubonyeza kitufe sawasawa, mtu akishikwa na hofu hufanya mambo asiyoyakumbuka. Nilisema kwa upole kabisa, kwa ile sauti ya kitaalamu ninayowatolea wageni. Hakubishana. Alivua viatu akaenda kuoga, nami nikabaki pale nimenuna, najiambia huyu bwana hataki kukubali kosa.

Nilijiamini hivyo kwa sababu mtambo ule ni wangu. Nimeujenga kwa mikono hii.

Juu ya paa la hospitali kuna antena nane zimepangwa mstari. Antena moja peke yake husikia kila takataka iliyo hewani: ambulensi, teksi, walinzi wa majengo, mashine za kuchomelea vyuma. Lakini nane zikisikiliza pamoja ni habari nyingine. Sauti inayotoka upande fulani huifikia antena ya kwanza kabla ya ya pili, na ya pili kabla ya ya tatu, kwa tofauti ndogo mno. Ukizipima tofauti hizo, unaweza kufungua sikio upande wa ambulensi na kuziba pande zote zenye kelele. Na kwa kuwa gari linatembea na kelele hazitulii, hesabu hiyo lazima irudiwe maelfu ya mara kwa sekunde. Prosesa moja, yaani ubongo mmoja wa kompyuta, haiwezi, hata uichape viboko. Mimi niliweka thelathini na sita kwenye bodi moja, zimepangwa ngazi ngazi: nane juu, saba chini yake, sita, hivyo hivyo mpaka moja. Kila prosesa ina kakazi kake kadogo. Inakamaliza, inampa jirani, inapokea kazi nyingine. Ni kama watu waliojipanga kupitishiana ndoo za maji nyumba ikiungua: hakuna anayekimbia, lakini maji yanafika.

Sasa, ile prosesa ya mwanzo ya kila ngazi ndiyo inayoamua kelele ni kubwa kiasi gani. Ziko nane, tunaziita za pembeni. Humo nilitia uchafu. Nauita uchafu kwa kuwa ndivyo ulivyo: kanamba kadogo ka kelele ya uongo, ili mtambo uamini kwamba dunia ni chafu zaidi kidogo kuliko ilivyo na uache kuchaguachagua. Maana mtambo wa namna hii ukiwa makini kupita kiasi huwa mjinga. Unaambiwa ambulensi iko upande huu, sauti nyingine zote ziba. Gari likiwa mbali, sauti yake ni dhaifu na upande wake haubadiliki haraka, hakuna shida. Likikaribia, sauti inakuwa kubwa, na kila kona inalihamisha. Mtambo unasikia sauti kubwa inatoka pembeni kidogo ya pale ulipoambiwa. Usipokuwa na uchafu wa kuutuliza, unasema hii ni kelele, tena kelele kubwa kuliko zote, na unaiziba hiyo kwanza. Ni kosa ambalo fundi wa antena anaonywa siku yake ya kwanza kazini.

Siku mbili baada ya barua, Mama Redio alipanda ghorofa nne kwa miguu kunifuata karakana. Lifti yetu imekufa tangu enzi na enzi, na mama huyu magoti yake si ya kuchezea. Yeye ndiye anayepokea taarifa za ambulensi, amekaa kwenye kiti kile miaka ishirini na mbili, na madereva wote anawajua kwa kikohozi. Alikaa, akapumua, akakataa maji.

"Mwanangu, wakiwa mbali nawasikia kama wamenikalia mapajani," akasema. "Wakifika karibu, kimya. Ni wote sita, si mumeo tu. Nimeandika tangu mwezi uliopita. Nilipomwambia bosi wenu, akaniambia nikapime masikio."

Alinipa daftari lake. Magari yote sita, kila safari, kimya kilianza palepale, kwenye mzunguko wa barabara kabla ya geti la hospitali. Nikafungua kompyuta, nikaingia kwenye bodi, nikaangalia prosesa za pembeni moja baada ya nyingine. Ya kwanza, sifuri. Ya pili, sifuri. Zote nane zilikuwa safi, zinang'aa kama sahani za wageni. Uchafu wangu wote ulikuwa umefutwa.

Sikuhitaji kuuliza ni nani. Watu wawili tu wanaruhusiwa kugusa namba zile, mimi na bosi wangu. Na bosi wangu ni mdogo wangu, tumbo moja. Huyu nimembeba mgongoni. Huyu nimemfundisha kujumlisha kwa vizibo vya soda, na baadaye nikamfundisha antena, na alipopewa cheo nilichokistahili mimi nilimpigia makofi kuliko watu wote. Nilishuka ghorofa mbili hadi ofisini kwake bila hata kufunga mlango wa karakana.

Hakukana. Hilo ndilo lililonipandisha mori zaidi. Alisema wageni wa wizara walikuwa wanakuja, na kwenye taarifa ilitakiwa namba inayoonyesha mtambo unapunguza kelele mara ngapi. Pamoja na uchafu wangu, ilikuwa mara mia tatu. Bila uchafu, mara elfu kumi. Mara elfu kumi inasomeka vizuri, akasema. Na kwenye majaribio yao gari liliegeshwa kilomita sita, likasikika safi. Alikusudia kurudisha baadaye. Halafu akasahau.

Nikamuuliza alisahau mpaka lini. Mpaka mtoto amezikwa? Na barua ya mume wangu ilipopita mezani kwake kwa saini, alikuwa bado amesahau?

Alinyanyuka akafunga mlango. Akaanza kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Dada, tutulie. Jumapili tunarudisha namba, hakuna atakayejua. Shemeji atapewa onyo, atahamishiwa gari la dawa, mshahara uleule, hata presha itapungua. Wizara wakisikia habari hii mradi unafungwa, na wewe mwenyewe kazi yako ya miaka tisa inakwenda na maji. Alisema yote hayo huku anapanga kalamu zake kwa urefu, na kila alipotamka neno shemeji nilitamani kumzaba kofi, mbele ya ile picha yake na waziri aliyoitundika ukutani.

Nilimwambia anamwangushia mtu asiye na kosa jumba bovu. Nilimwambia mengine pia ambayo hayafai kuandikwa, na katibu wake aliyasikia, na nafurahi aliyasikia.

Jioni Mama akapiga simu. Mama yetu ana kipaji cha kujua ugomvi kabla haujapoa. Alilia kidogo, kisha akaacha kulia na kuanza kazi. Huyu ni mdogo wako, mmebaki wawili, ukimwaibisha mbele za watu utakuwa umeniaibisha mimi. Mume ni mume, lakini damu ni damu. Gari la dawa lina ubaya gani? Nilimwacha aseme mpaka pumzi ikamwishia. Nikamjibu kwamba mume wangu analala macho wazi kwa siku ya tatu sasa, anaamini huenda kweli hakubonyeza kitufe, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Mama akasema nisali, akakata.

Kumwambia mume wangu kilikuwa kibarua. Nilimwambia jikoni, namba zilivyofutwa na nani alizifuta. Aliendelea kumenya viazi. Aliuliza swali moja tu, kama na wenzake watano hawasikiki. Nikasema ndiyo, mpaka mtambo urekebishwe, na siugusi kabla kamati haijauona kwa macho. Akaosha mikono, akawapigia mmoja mmoja, akawaambia wakifika mzunguko watumie simu zao za mkononi, wasitegemee redio. Kisha akarudi kwenye viazi.

Kamati ilikaa Alhamisi saa nne asubuhi, kwenye chumba chenye meza ndefu na feni inayogongagonga. Walikuwa watu watano, na mwenyekiti wao daktari mstaafu wa mifupa. Mdogo wangu alikaa upande wao, kama mjuzi wa mtambo. Mume wangu alikaa peke yake upande wa pili, suti ile ya harusi imembana mabegani. Walisoma mashtaka. Muuguzi wa gari alikuwa likizo siku ile, mgonjwa alikuwa peke yake nyuma na alipokelewa amezimia, hivyo hapakuwa na wa kumshuhudia dereva. Rekodi za mtambo zilikuwa kimya. Mwenyekiti alikuwa ameshavua kifuniko cha kalamu.

Niliomba dakika kumi na tano, na niliomba wahamie chumba cha redio. Mdogo wangu akasema si utaratibu. Mwenyekiti akamwangalia, akaniangalia, akasema hata hivyo kiti chake kinamuumiza.

Tukajazana kwenye chumba cha Mama Redio, watu tisa kwenye nafasi ya watu wawili. Nilikuwa nimempanga dereva mwenzake mume wangu. Aliondoka na gari tupu kutoka kilomita tatu, kazi yake kushika maiki na kuhesabu moja, mbili, tatu, bila kuacha, mpaka azime injini uani. Mama Redio akaongeza sauti ya spika.

Alisikika vizuri kweli. Mpaka pumzi zake tulizisikia. Ishirini, thelathini, arobaini. Mjumbe mmoja akatabasamu, akasema mtambo mzuri huu. Mdogo wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Hamsini na tisa. Sitini. Sitini na moja ikafifia, sitini na mbili ikasikika nusu, kisha pakawa na mvumo tu, mwororo na msafi. Mwenyekiti akauliza kama kijana ameacha kuhesabu. Nikamwomba asogee dirishani.

Chini yetu ambulensi ilikuwa inaingia getini. Ilizunguka bustani, ikasimama karibu kabisa na ukuta wetu, na kupitia kioo cha mbele tulimwona dereva kashika maiki, mdomo unafanya kazi. Alikuwa anahesabu kwa bidii, na spika haikutoa hata herufi. Mume wangu aliweka kiganja kwenye kioo cha dirisha, akakiacha hapo.

Nikarudi kwenye kompyuta, nikarudisha namba nane, moja moja, kwa sauti ili waandike. Nikamrudisha dereva mwanzo. Safari hii sauti ilikuja na makwaruzo, mbaya, kama redio ya kinyozi. Lakini ilipita sitini, ikapita tisini, ikafika mia moja na nane, tukasikia injini inazimwa na dereva anauliza kama anaweza kwenda kunywa chai.

Mwenyekiti akauliza nani alizifuta namba zile.

Hapo mdogo wangu akafungua faili lake. Ndani ya chumba kile hakuniita dada, aliniita mhandisi. Alisema mabadiliko yote ya mtambo hupitishwa kwa maandishi, akaweka karatasi mezani kwa Mama Redio. Vifungu kumi na vinne. Kifungu cha tisa: kusafisha namba zisizo na kazi kwenye prosesa za pembeni. Chini yake kulikuwa na saini ya mhandisi mkuu wa mtambo. Saini yangu, na ule mkia wake mrefu.

Niliitambua, na nilikumbuka siku yenyewe. Ilikuwa Jumapili, nyumbani kwa Mama. Ndivyo tulivyokuwa tunafanya kazi, mimi na yeye, miaka yote: karatasi za ofisi tunamalizana mezani kwa Mama, mmoja anasaini za mwenzake bila maswali, maana nani asome vifungu vya ndugu yake? Alisema dada, saini hapa, vitu vidogo vidogo. Nilikuwa nakoroga chai. Nikasaini kwa mkono mmoja.

"Ni yangu," nikasema. "Sikuisoma. Andikeni hivyo. Muandike pia kwamba aliyeandika kifungu cha tisa alijua ana maana gani, kwa sababu kazi ya zile namba nilimfundisha mimi."

Mdogo wangu akasema jina langu la utotoni, taratibu, mbele ya watu wote. Sikugeuka.

Matokeo yalitoka siku ya tatu. Mume wangu hana kosa, arudi kazini mara moja. Mimi nimeondolewa kwenye mradi. Mdogo wangu amepewa onyo. Onyo, ati. Mlinzi wetu wa geti aliposinzia alifukuzwa palepale na begi lake likarushwa nje, lakini huyu kapewa karatasi ya onyo, na picha ya waziri bado iko ukutani. Nilitoa povu njia nzima kurudi nyumbani. Nilijisemea peke yangu barabarani kama mwehu, watu wananipisha.

Nilimpa mume wangu barua nikitegemea atafurahi. Aliisoma yote akiwa amesimama. Kisha akasema tumpelekee yule mama aliyepoteza mtoto, na niende naye, nikamweleze kwa mdomo wangu.

Anaishi vyumba viwili nyuma ya duka la fundi cherehani. Alitufungulia mwenyewe. Bado alikuwa anatembea ameshika ukuta. Alimtambua mume wangu, akamwangalia muda mrefu, akatusogezea viti vya plastiki. Nilianza. Nilimweleza antena nane, nilimweleza prosesa, ngazi, namba, saini yangu, kamati, dirisha, kila kitu, na nilijisikia nikiongea vizuri, kwa mpangilio. Nilimwambia tumethibitisha kwa majaribio kwamba mume wangu aliita mara tatu.

Alinisubiri nimalize. Hakuwa na haraka.

"Mimi nilikuwa ndani ya lile gari," akasema. "Nilizimia mlangoni mwa hospitali yenu, si njiani. Nilimsikia akiita. Mara ya tatu alikuwa analia. Mbona hakuna aliyekuja kuniuliza?"

Cherehani ilikuwa inakwenda upande wa pili wa ukuta. Nikamgeukia mume wangu, nikamuuliza kama alijua kwamba mama huyu alikuwa na fahamu zake njia nzima.

"Nilijua," akasema. "Ningekuja kumwomba nini, mtu katoka kuzika? Nilidhani wewe ungenitosha."